Tuliita Uchafu, Tukaosha

Kwa miaka minne nilikuwa nikioga mara mbili kila asubuhi. Mara ya kwanza niliosha mwili kama watu wote. Mara ya pili nilichuchumaa juu ya karai la plastiki lenye maji ya uvuguvugu na kifuniko kimoja cha dawa ya kuua viini, ile ya kahawia inayogeuka nyeupe kama maziwa ikigusa maji, nikaosha ndani ya uke kwa vidole viwili na povu la sabuni mpaka nisikie ngozi inakwaruza. Hapo ndipo niliposema sasa niko safi. Tunaishi Umoja, hapa Nairobi, na Umoja maji ya mfereji huja kwa siku zake. Siku nyingine tunanunua mtungi wa lita 20 kwa mwenye mkokoteni. Hata wiki ambayo vyombo vililala bila kuoshwa, maji ya karai lile hayakukosa.

Ikifika saa nne asubuhi harufu imesharudi.

Wengi mnaosoma hapa mnaijua, ingawa hakuna anayeitaja. Ni harufu ya samaki, na huzidi baada ya tendo la ndoa na hedhi inapokuja. Nguo ya ndani hulowa majimaji mepesi ya kijivujivu, yasiyowasha sana, yasiyouma. Mimi nauza vitambaa katikati ya mji, kazi ya kusimama bega kwa bega na mteja mkinyoosha kitenge pamoja. Nilijifunza kupima nikiwa upande wa pili wa meza. Kwenye matatu nilikaa dirishani na kioo nimekifungua, hata mvua ikinyesha. Nilivaa pedi kila siku ya mwezi. Nguo za ndani nilizianika chumbani, kwenye kamba nyuma ya pazia, juu yake nimetandika taulo, kama vitu vya kuibwa.

Tatizo hili lote tunalijua kwa jina moja. Kwa kemisti, redioni, kwenye bango la zahanati, hata katika mazungumzo ya wanawake wenyewe, linaitwa kutokwa na uchafu ukeni. Mimi naamini jina hilo limetuumiza. Mtu akikuambia una kikohozi, unatafuta dawa ya kikohozi. Akikuambia una uchafu, unatafuta sabuni. Na kwa kuwa mchafu ni sifa ya mtu, si ya ugonjwa, unaanza kuona haya mbele ya wale ambao wangekusaidia.

Nyanya yangu mzaa mama, aliyeishi Kibokoni, Mombasa, alikuwa na neno jingine. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, likizo ya Agosti, nimejifungia bafuni kwa sababu nimeona kitu kwenye nguo yangu nikadhani naumwa. Aligonga, akaingia, akaangalia, akasema, "Huo ni utoko tu, mjukuu wangu. Kila mwanamke anao." Akanishika mkono hadi jikoni. Alikuwa anaandaa mkate wa mayai. Akavunja yai moja kwenye bakuli, akatia vidole viwili kwenye ute, akavitenganisha polepole mpaka uzi mwembamba wa ute ukanyooka kati yao bila kukatika. "Katikati ya mwezi wako utauona hivi. Siku nyingine utakuwa mzito, mweupe. Siku nyingine hakuna. Ukinuka vibaya au ukakuwasha, niambie."

Utoko, kwa maana ya kinachotoka. Hakuna lawama ndani yake. Na lile yai lilikuwa sahihi kabisa: siku yai la mwanamke linapokaribia kupevuka, ute wa shingo ya kizazi huwa mwepesi, unang'aa na kuvutika namna ile ile ili mbegu za mwanamume zipite, kisha baadaye unakuwa mzito na kupungua. Ukiwa mjamzito huongezeka. Ukimaliza hedhi za maisha hupungua. Nyanya hakuwa sahihi kwa kila jambo. Alikuwa akiweka shabu baada ya kila uzazi ili ajikaze, na shabu hukausha na kuchubua. Lakini kwa hili la utoko alinipa elimu ambayo baadaye niliisahau yote, nikabaki na neno la bangoni.

Mara ya kwanza kutafuta dawa nilikwenda kwa kemisti wa mtaani, jioni, nimesubiri mpaka wanaume wawili waliokuwa mbele yangu waondoke. Kijana wa kaunta aliuliza, "Ni ile ya kuwashwa?" Nikaitikia kwa kichwa, ingawa sikuwa nawashwa, kwa sababu nilitaka atoe dawa niondoke. Akanipa klotrimazoli, vidonge vya kuingiza ukeni usiku, vimefungwa kwenye gazeti. Nilivitumia vyote. Harufu haikubadilika. Mwezi uliofuata nikarudi akanipa tena vile vile. Mara ya tatu akaongeza kidonge kimoja cha kumeza cha flukonazoli. Simlaumu sana. Mimi nilikuwa na haraka ya kutoroka, naye alikuwa na swali moja tu.

Kilichonipeleka kwenye kituo cha afya ni maumivu ya kiuno yaliyogeuka kuwa ya mkojo, jambo jingine kabisa. Pale nikakutana na klinikal ofisa, yaani mtabibu, mwanamke wa rika langu, aliyeniuliza maswali yake hadi akafika kwenye lile nililokuwa nikiliogopa. Nikamwambia. Hakukunja uso. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Dada, unaosha na nini?"

Nikamtajia: sabuni, dawa ya kahawia, chumvi siku nyingine, ndimu mara mbili. Akaweka kalamu chini.

Aliyonieleza pale nimeyasoma tena na tena tangu siku ile, na naona aibu ilinizuia kuuliza miaka mingi. Uke wenye afya una wakazi wake. Wengi wao ni bakteria wanaoitwa laktobasili, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa lala, na kazi yao ni ile ile: wanatengeneza asidi. Katika umri wa kuzaa, kipimo cha pH ukeni huwa kati ya 3.8 na 4.5, ukali usio mbali na wa maziwa lala yenyewe. Asidi hiyo ndiyo ulinzi. Sabuni ya mche iko upande wa pili kabisa, pH 9 au zaidi. Kila asubuhi nilikuwa naua walinzi, nazimua asidi, na kuwaachia nafasi bakteria wengine waliokuwa wachache. Hao ndio wanaotoa harufu. Harufu ikija, naosha zaidi. Ukiuliza kwa nini nilikuwa naoga mara mbili miaka minne bila nafuu, jibu ni kwamba kuoga kwenyewe kulikuwa sehemu ya ugonjwa.

(Na kabla hujaenda kutafuta maziwa lala ya kujipaka: usifanye hivyo. Ndugu wa mbali si yule yule, na maziwa ya dukani hayakutengenezwa kwa ajili ya mahali hapo. Niliuliza, kwa hiyo huna haja ya kuona haya kuuliza.)

Kisha akanipima. Nililala, akaingiza kile chombo cha kupanua uke chenye umbo la mdomo wa bata, baridi, akaniomba nikohoe kidogo ili misuli ilegee. Akachukua ute kwa kijiti chenye pamba. Sehemu akaipaka kwenye karatasi nyembamba ya njano, nayo ikageuka kijani mbele ya macho yangu: asidi imepungua. Sehemu akaiweka kwenye kioo na kudondosha tone moja la dawa ya potasiamu. Hapo harufu yangu ikajaa chumba kizima, wazi, kali. Nilifumba macho. Yeye akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hiyo ndiyo inatusaidia." Kwa miaka minne harufu ile ilikuwa siri yangu. Kwa mara ya kwanza ilikuwa kipimo.

Akaniita niangalie darubini. Seli za ukuta wa uke ni kubwa, bapa, na kingo zake huwa safi. Zangu zilikuwa zimefunikwa vitone vidogo mpaka kingo hazionekani, kama andazi lililoviringishwa kwenye simsim. Vipimo hivi vinatumika duniani kote tangu daktari Amsel na wenzake walipovipanga mwaka 1983: ute mwepesi wa kijivu, pH kupita 4.5, harufu ya tone lile, na seli za simsim. Vitatu kati ya vinne vikikubali, jibu limepatikana. Mimi nilikuwa na vyote vinne.

Jina lake ni vajinosisi ya bakteria, na ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya ute usio wa kawaida kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa. Sikuwa na fangasi. Fangasi ni kitu kingine: ute mzito mweupe kama maziwa yaliyoganda, mwasho unaokunyima usingizi, midomo ya uke kuvimba na kuchomeka ukikojoa, na kwa kawaida hauna harufu mbaya. Karibu wanawake watatu kati ya wanne hupata fangasi angalau mara moja maishani, na mara nyingi hufuata dawa za antibayotiki, ujauzito au kisukari. Klotrimazoli inatibu fangasi vizuri. Kwa bakteria wangu haikuwa na kazi. Nilikuwa nagonga mlango wa jirani.

Wa tatu anaitwa trikomona. Huyu si bakteria wala fangasi bali kiumbe cha seli moja chenye mikia kinachoogelea, na ukimuona kwenye darubini akijitupa huku na huku hutamsahau. Ute wake mara nyingi ni wa manjano au kijani, wakati mwingine una povu, na huwasha. Huyu huambukizwa kwa kujamiiana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria maambukizi mapya milioni 156 mwaka 2020. Wanaume wengi wanaye bila dalili yoyote, kwa hiyo kumtibu mwanamke peke yake ni kupiga deki huku mfereji umefunguliwa. Kisonono na klamidia nazo zinaweza kuleta ute wa usaha kutoka kwenye shingo ya kizazi, ila mara nyingi zaidi hazileti chochote. Zinapanda kimya hadi kwenye mirija, na mwanamke anakuja kugundua anapotafuta mtoto au mimba inapotunga nje ya kizazi.

Ndiyo maana swali la rangi na harufu peke yake halitoshi, hata ukinielezea vizuri namna gani. Wanawake hunitumia ujumbe siku hizi wakitaka niwaambie wana nini. Siwezi, na kijana wa kemisti hawezi. Aina mbili zinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Najua si kila kituo kina darubini. Mahali pengi mhudumu hufuata mchoro wa dalili: ana ute, ana maumivu ya tumbo la chini, ana homa, mwenzi wake ana dalili, basi dawa ni hizi. Utaratibu huo umeokoa watu wengi pasipo na maabara, na metronidazoli wanayotoa hupiga vajinosisi na trikomona kwa pamoja. Udhaifu wake ni kwamba hukosea sana kwa klamidia na kisonono, kwa kumpa dawa asiyeumwa na kumwacha anayeumwa. Ukitibiwa hivyo na usipone, rudi. Sema umerudi. Ukipata nafasi ya kupimwa, ichukue, na ukiwa hapo pima na virusi vya Ukimwi na kaswende. Mimi nilipimwa vyote siku ile.

Nilipewa metronidazoli ya miligramu 400, asubuhi na jioni, siku saba, baada ya chakula. Mdomoni ilinipa ladha ya chuma, kama nimelamba sarafu, hata chai ikaharibika. Siku ya tatu harufu ilikwisha. Nilikaa kitandani nikainusa nguo yangu, nikalia. Nilishawishika kuacha vidonge vilivyobaki, nikavimaliza. Karai nikalipeleka kufulia soksi. Tangu siku hiyo naosha nje tu, kwa maji, na ndani naacha.

Siku chache baadaye nikapata kitu kilichonikasirisha, na bado kinanikasirisha. Mwaka 2006 ulitolewa utafiti uliofanyika Mombasa, mji wa nyanya yangu, ambapo wanawake wanaofanya kazi ya ngono walifuatiliwa kwa miaka kumi. Waliokuwa wakiosha ndani ya uke walionekana kuambukizwa virusi vya Ukimwi zaidi kuliko wasioosha, na waliotumia sabuni zaidi hata ya waliotumia maji matupu. Utafiti mwingine wa Mombasa hiyo hiyo, wa mwaka 1999, ulikuwa umeshaonyesha kwamba wanawake waliokosa laktobasili walikuwa katika hatari zaidi. Hapa Nairobi, wanawake wa Majengo, Pumwani, wamekuwa wakishiriki utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada tangu 1985. Sabuni haileti virusi, wala mwenye vajinosisi hana Ukimwi. Lakini ulinzi ukivunjwa, mlango unabaki wazi. Elimu hii imetoka miilini mwa wanawake wa hapa hapa, damu yao, ute wao, miaka yao. Imeandikwa Kiingereza, imekwenda ulimwenguni, na nyumba ya pili kutoka kwangu bado mtu anachuchumaa juu ya karai. Hicho ndicho kinachonikasirisha.

Baada ya miezi mitatu ilirudi.

Sikuwa nimeosha. Sikuwa nimekosea chochote. Nilirudi kwa klinikal ofisa nikiwa nimejiandaa kugombezwa, akaniambia hili ndilo jambo gumu la ugonjwa huu: zaidi ya nusu ya wanawake wanaotibiwa huupata tena ndani ya mwaka. Bakteria hujenga utando kwenye ukuta wa uke, dawa huwapunguza bila kuwamaliza, nao huota upya. Akanipa dawa tena. Kisha akaniuliza kuhusu Baba Neema.

Hapo nikasita. Kwa muda mrefu madaktari waliambiwa hakuna faida kumtibu mwanamume kwa vajinosisi. Machi 2025 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha majaribio yao katika jarida la New England Journal of Medicine. Walichukua jozi 164, kila mmoja na mwenzi mmoja tu. Wanawake wote walitibiwa. Nusu ya wanaume walipewa vidonge vya metronidazoli na krimu ya klindamaisini ya kupaka uumeni, mara mbili kwa siku, siku saba. Katika wiki 12 ugonjwa uliwarudia wanawake 35 kati ya kila 100 ambao waume zao walitibiwa, na 63 kati ya kila 100 ambao waume zao waliachwa. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba majaribio yalisimamishwa kabla ya wakati.

Kwa hiyo bakteria hao wanahama kati ya wawili. Lakini mwanamke anaweza kuwa na vajinosisi bila mtu yeyote kutoka nje ya ndoa. Nataka isomwe vizuri sentensi hiyo, kwa sababu najua inavyosomwa katika vyumba vyetu.

Nilimsubiri Baba Neema amalize chakula. Watoto walikuwa wamelala. Nikamwambia nina maneno, akazima runinga, jambo ambalo halifanyi. Nilipofika kwenye krimu akanyamaza. Akauliza kile nilichojua atauliza. "Sasa hii imetoka wapi?" Nikamwambia imetoka kwetu sote wawili, na kwamba kwa miaka minne nimekuwa nikiibeba mwenyewe. Nikamwambia kuhusu karai. Hakuwa anajua. Alidhani ninachelewa bafuni kwa sababu napenda kuoga. Alikaa akitazama runinga iliyozimwa, akasema, "Kumbe ndiyo maana ulikuwa unalala mbali." Kisha akauliza duka gani.

Aliibeba karatasi ya dawa mwenyewe, akaenda kwa kemisti yule yule, akasimama kwenye kaunta na kusema kwa sauti ya kusikika anataka krimu ya nini na ya nani. Ni mwaka na miezi sasa. Sisemi nimepona milele. Nasema nimekaa upande wa ndani wa matatu, na nguo zangu ziko kwenye kamba ya nje, juani.

Neema ana miaka kumi na miwili. Mwezi wa sita alikuja jikoni na nguo yake ameikunja kwenye ngumi, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, huu ni uchafu?" Nilikuwa na mayai kwenye trei. Mkono wangu ulikwenda wenyewe.

Kuna jingine, na hili siliandiki kwa urahisi. Katika chama chetu cha wanawake tulikuwa na mama mmoja wa miaka hamsini na saba, mweka hazina wetu, mwenye mwandiko mzuri kuliko wetu wote. Hedhi zake zilikuwa zimeisha zamani. Alianza kutokwa na majimaji ya rangi ya maji ya nyama, yenye harufu nzito, na damu kidogo. Akasema ni uchafu wa uzee unatoka, mwili unajisafisha. Akaosha. Akajifukiza mwarobaini. Akavaa khanga mbili na marashi, na sisi tukasema jinsi anavyonukia siku hizi. Alikaa hivyo karibu mwaka mzima. Alipoanguka kwenye mkutano wa mwezi na tukampeleka hospitali, saratani ya shingo ya kizazi ilikuwa imeshatambaa. Tulimzika kwao Murang'a.

Saratani hiyo husababishwa karibu kila mara na kirusi kinachoitwa HPV, na huchukua miaka mingi kuota. Katika miaka hiyo inaweza kuonekana mapema kwa kipimo cha HPV, au kwa kupaka siki kwenye shingo ya kizazi na kuangalia kama kuna sehemu inageuka nyeupe. Siki, kitu cha jikoni. Dakika chache. Ikionekana mapema inatibiwa hata kabla haijawa saratani. Wizara ya Afya hapa Kenya inawalenga hasa wanawake wa miaka 25 hadi 49, na wenye virusi vya Ukimwi wanahitaji zaidi. Wasichana wa miaka kumi wanachanjwa tangu Oktoba 2019, na Neema alichanjwa. Mama yule alizaliwa mapema mno kwa chanjo, lakini kipimo angeweza kukipata miaka ya nyuma, kabla mambo hayajafika huko.

Basi kama wewe umepita hedhi zako na umeona damu, hata tone, usingoje. Kama unatokwa na damu baada ya tendo la ndoa, usingoje. Kama una ute na pia tumbo la chini linauma, au una homa, au una mimba, hayo hayatibiwi kwa kemisti. Flukonazoli ya kumeza mjamzito haimfai, na vajinosisi isiyotibiwa wakati wa mimba inahusishwa na kuzaa kabla ya siku. Kama una fangasi mara tatu au zaidi kwa mwaka, pima sukari. Kama unatumia kondomu pamoja na vidonge au krimu za kuingiza ukeni, jua kwamba baadhi yake hulainisha mpira ukapasuka. Na kama mtoto mdogo wa kike anatokwa na ute wenye harufu, kuna mengi yanayoweza kuwa, kuanzia kipande cha karatasi kilichokwama hadi jambo ambalo hatutaki kulifikiria. Mpeleke, na umsikilize.

Daftari la chama sasa liko kwangu. Mwandiko wangu si kama wake. Baada ya mazishi niliongeza safu moja pembeni, nikaandika juu yake "nauli ya kliniki", na kila mwezi tunatoa kidogo kidogo ili wanachama wawili au watatu waende kupimwa pamoja, mmoja akiingia mwingine anamshikia mkoba. Mwezi wa kwanza hakuna aliyejitolea. Mimi na jirani yangu wa ghorofa ya tatu tukaenda. Mwezi wa pili walikwenda watatu, na njiani kurudi kwenye matatu mmoja akaanza kusimulia yake, akisema neno utoko kwa sauti ya kawaida, na kondakta akaendelea kukusanya nauli.

Mwezi huu wamekwenda wengine watatu. Wawili walirudi na majibu mkononi. Wa tatu ameambiwa arudi Jumanne, siki ilionyesha kitu. Ameniuliza kama inauma. Nimeomba ruhusa kazini, tutaondoka saa moja asubuhi.